Msimu Tabora Iliponyolewa Bure

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye saluni ya mjukuu wangu karibu na stendi, nanyolewa ndevu kwa ile mashine yao inayonguruma mithili ya nyuki waliochokozwa, akaingia kijana wa saluni ya jirani macho yamemtoka. Mwenzao wa ng'ambo ya barabara kashusha bei.

"Huu ni uonevu, babu! Siku hizi kuna sheria ya ushindani. Nampeleka mbele!"

Nikamuuliza: huyo mwenzako, kwa bei hiyo anapata au anapoteza? Hajui. Kashusha ili awavute wateja, au ili wewe ufunge? Hajui. Na ukishafunga, atafanya nini? Kijana akanitazama kana kwamba nimemwuliza uzito wa mwezi.

Ndiyo maana nimeomba daftari. Mimi Maulidi nimenyoa vichwa vya Tabora kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika hiyo kuna miezi michache ninayoionea haya hadi leo. Kulikuwa na bei ya uonevu Tabora wakati wa Mwingereza, na mkono ulioishika ulikuwa huu wangu. Kwa hiyo nyinyi wenye viti vya kuzunguka na vioo pande zote, someni taratibu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Feruzi, aliyekuwa na benchi lake kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, kuelekea sokoni. Mtu mfupi, tumbo mbele, vidole vyembamba vya mshona kofia. Alinifundisha kwamba kichwa huulizwa kwanza kabla ya mwenye kichwa. Unapapasa kwa ncha za vidole: hapa pana kovu, hapa pana nundu, hapa nywele zimejizungusha zinaelekea Kigoma wakati nyingine zinaelekea Mwanza. Hapo ndipo wembe hukata mtu. Maji yawe ya moto, sabuni ikae, usiikimbilie. Ukifika kooni, zuia pumzi yako wewe, siyo ya mteja. Na kamwe usimsimulie mtu kichekesho wembe ukiwa usoni.

Hilo la mwisho nililijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namtengeneza ndevu mwalimu mmoja wa madrasa, mtu mkali, nikamsimulia kisa cha punda wa mjomba wangu. Mwalimu hakucheka. Nilicheka mimi. Mkono ukaruka, nyusi ya kushoto ikaenda.

Nikabaki nimesimama, wembe hewani. Mzee Feruzi alikuja, akatazama. Akachukua wembe mkononi mwangu, akanyoa na ya kulia.

"Sasa zinalingana," alisema. "Leo hulipi, Mwalimu."

Mwezi mzima wanafunzi hawakujua lini mwalimu amekasirika na lini amefurahi, maana uso wake ulikuwa na habari moja tu. Wazazi walisema nidhamu haijawahi kuwa nzuri namna ile.

Basi, Mzee Feruzi alikuwa akitoza senti thelathini kwa kichwa. Vinyozi wenzake wawili pale sokoni walikuwa wakitoza arobaini, na kabla sijafika kwake walishawahi kumshtaki kwa Liwali kwamba anawaharibia soko. Yeye alikuwa amenunua mashine ya mkono, ile ya kubana na kuachia, akapunguza nywele kwa mashine kwanza na kumalizia kwa wembe. Wenzake wakinyoa mmoja, yeye anamaliza watatu. Liwali alisikiliza, akawaambia wale wawili: "Huyu hajawadhulumu. Huyu amewazidi. Nendeni mkajifunze." Wakaenda, wakanunua mashine, wakashuka hadi thelathini, na watu wakafurahi. Hayo yakaisha hivyo, na bei hiyo ikakaa miaka.

Sasa aje Bwana Nasibu.

Bwana Nasibu alikuwa mfanyabiashara wa asali na nta. Ghala lake lilikuwa upande wa stesheni, limejaa mapipa hadi darini, na ukipita pale mchana wa jua nyuki wanakusindikiza hadi nyumbani. Kila Ijumaa asubuhi alikuja kunyolewa kwetu. Siku moja akakuta foleni ya watu kumi na wawili. Akakaa mwisho wa benchi akihesabu vichwa kwa macho. Nilipomfikia akaniambia kwa sauti ya chini:

"Maulidi, mimi nimepoteza maisha yangu. Nyuki wanategemea maua, maua yanategemea mvua. Nywele zinategemea nini?"

"Hazitegemei kitu, Bwana. Zinaota tu."

"Zinaota tu," alirudia, kama mtu aliyeoneshwa mgodi.

Mwezi haukupita, gari moshi likashusha kiti. Aliagiza Dar es Salaam kiti cha kinyozi, lakini aliyemuuzia alimpa kiti cha mganga wa meno. Hakuna aliyejua. Kilikuwa kizito, cha chuma na ngozi nyeusi, kina kikanyagio: ukikanyaga kinapanda, ukikanyaga tena kinalala chali. Wapagazi sita walikibeba toka stesheni, na umati nyuma yao ukidhani ni mgonjwa mkubwa kaletwa.

Kisha akanifuata mimi. Alitaka kunilipa shilingi sitini kwa mwezi, nywele ziote zisiote. Mimi wakati huo nilikuwa nimemchumbia Mwajuma, binti wa Bi Tatu wa mtaa wa Ng'ambo, na Bi Tatu alikuwa mama wa watoto wa kiume watano na mdomo wa watu kumi. Kila nikipita ananiuliza harusi lini. Nikakubali zile sitini kabla Bwana Nasibu hajamaliza kutamka.

Nilikwenda kumuaga Mzee Feruzi asubuhi. Alikuwa ananoa wembe kwenye mkanda wa ngozi. Hakuinua uso.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hicho kiti chake, ni kweli kinapanda na kushuka?"

"Kweli, Mzee."

"Basi angalia usishuke nacho."

Nilidhani ni utani. Nikacheka. Nimekwambieni tayari tabia yangu ya kucheka mahali pasipostahili.

Tulifungua kwa senti ishirini. Watu walikuja kwa ajili ya kiti zaidi ya bei. Tatizo likawa askari waliorudi kutoka vita vya Burma, kule Asia. Hao walikuwa wameshakutana na viti vya namna hiyo jeshini. Mtu anakaa, anaegemea, na mdomo unafunguka wenyewe. Namwambia, "Kaka, funga mdomo, nanyoa kichwa." Anafunga. Nikikanyaga kiti kinalala, mdomo unafunguka tena. Mmoja alinisihi kwa machozi nisiliguse gego lake, na mimi nimeshika brashi ya sabuni.

Mzee Feruzi naye akashuka hadi ishirini. Alisema mbele za watu, "Hii ndiyo sakafu yangu. Chini ya hapa nanyoa kwa damu yangu." Kesho yake Bwana Nasibu akashuka hadi kumi, na kikombe cha kahawa juu yake. Wiki mbili baadaye, tano. Kisha akaandika ubao kwa chaki: BURE.

Wajukuu zangu, hamjaona mji ukinyolewa. Ilikuwa kipupwe, asubuhi baridi ya Tabora inauma masikio, na bado watu walipanga foleni kuanzia alfajiri. Baba analeta watoto wote na wa jirani. Mlinzi mmoja wa stesheni alikuja mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, akidai kuna unywele mmoja nilimwachia nyuma ya sikio. Alikuwa akifuata kahawa. Mzee mmoja mrina asali wa porini alikuja na beberu wake. Akaamkia "Mwangaluka," akaketi, nikamnyoa, akanyanyuka, akampandisha beberu. Nikamtazama Bwana Nasibu. Bwana Nasibu akasema, "Mteja ni mteja." Beberu yule alitoka pale hana ndevu, na nasikia majike walimkataa msimu mzima.

Kilichonishangaza zaidi ni kwaya. Walikuja watu kumi na wanne na mwalimu wao kutoka Usoke, kwa gari moshi, nauli ya kwenda na kurudi. Nilimwuliza yule mwalimu, "Mwalimu, nauli yako peke yako si ingekunyoa kule kwenu mwaka mzima?" Akanijibu kwa upole sana, "Ndugu yangu, nauli ni nauli. Bure ni bure." Nikawanyoa wote, wakaimba aya mbili za shukrani, wakaondoka wanang'aa.

Mji mzima uling'aa. Kofia zilizoshonwa kupima vichwa vyenye nywele zikawa zinashuka hadi puani. Msikitini watu wakiinama, kofia zinatangulia. Kanisani watu wanapiga chafya hadi padri anasimama kusubiri. Mshona kofia peke yake ndiye aliyekuwa anapata pesa, anapunguza kofia usiku na mchana.

Na mimi je? Mwanzoni nilijiona mfalme wa vichwa. Mkono wangu ukawa mwepesi, nikawa nanyoa huku natazama barabarani. Lakini barabarani ndiko kulikokuwa na Mzee Feruzi. Kutoka dirisha letu nililiona benchi lake. Wale vinyozi wenzake wawili walishaacha: mmoja kaenda Kigoma kwa kaka yake, mwingine anauza mkaa. Mzee alibaki. Kila asubuhi anapanga vitu vyake kwenye kitambaa cheupe: wembe, mashine, shabu ya kusimamisha damu, beseni. Kisha anakaa. Siku moja nilimwona amekunja msuli hadi juu ya goti, amejipaka sabuni, ananyoa goti lake mwenyewe polepole ili mkono usisahau kazi.

Nikaanza kupita barabara ya nyuma nikirudi nyumbani.

Siku Mzee aliyofunga kazi ilikuwa Jumatatu. Alilifunga benchi kwa kamba, akalibeba kichwani mwenyewe. Bwana Nasibu alikuwa amesimama karibu nami mlangoni, anakunywa kahawa. Akacheka kidogo, akasema maneno ambayo nayakumbuka herufi kwa herufi:

"Nilikuambia, Maulidi. Asali yangu ilikuwa inamsubiri tu achoke. Kuanzia kesho kichwa ni shilingi moja. Watakwenda wapi?"

Nikamwuliza, "Na Mzee akirudi, Bwana?"

"Akirudi atakaa wapi?"

Nilielewa jibu hilo kesho yake. Alikuwa amewaendea wenye maduka wote wanaozunguka soko, akakodi vibaraza vyao kimya kimya, na kila kibaraza akaweka mapipa matatu matupu ya asali. Mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi pembezoni alibanwa hadi akawa anauza amesimama kiupande.

Basi ubao ukaandikwa: KICHWA SHILINGI MOJA. Na hapo ndipo Mwenyezi Mungu alipomcheka Bwana Nasibu, kwa sababu hapakuwa na kichwa. Mji mzima ulikuwa umeshanyolewa! Hata beberu. Wiki tatu nilikaa kwenye kile kiti najipandisha na kujishusha. Bwana Nasibu anasimama mlangoni anawatazama wapita njia kichwani, kama mkulima anayetazama shamba lisilochipua. "Yule, Maulidi, unaona? Kwenye kisogo?" Namwambia, "Hicho ni kivuli, Bwana."

Lakini nywele zinaota tu, alivyosema mwenyewe. Zikaota zote kwa pamoja, maana zote zilinyolewa pamoja, na zikaota Idi inakaribia. Watu wakaja. Wakasoma ubao. Wakaanza kupiga kelele.

Kijana mmoja alijaribu kujinyoa nyumbani, akatoka na kichwa kilichofungwa bandeji. Mtu mwingine alimpa mkewe kisu cha jikoni, sitasema yaliyompata. Bi Tatu alikuja na wanawe watano nyuma yake kwa mstari, mkubwa hadi mdogo. Akausoma ubao, akakiangalia kiti, akanigeukia.

"Maulidi, mwanangu, hapa kichwa kinanyolewa au kinanunuliwa?"

"Mama, mimi si mwenye bei."

"Wembe kaushika nani?"

Nikauficha wembe nyuma ya mgongo. Aligeuka na mstari wake wote ukageuka. Hakuenda nyumbani. Alienda moja kwa moja kwa Mzee Feruzi, akamkuta uani anamwagilia mchicha, akamwambia avae kanzu waende kwa Liwali. Mzee akasema hana kibaraza, hana wateja, hana nguvu ya kesi. Bi Tatu akasema, "Kanzu unayo?" Akavaa kanzu.

Siku ya kesi palijaa hadi madirishani. Liwali alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, mtu wa maneno machache, na yeye nywele hakuwa nazo kwa kudra ya Mungu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ana maslahi.

Bwana Nasibu alisimama kwa kujiamini. Alikuwa na hoja, msimdharau.

"Bwana Liwali, nimeshtakiwa kwa kuwapa watu kitu bure. Tangu lini ukarimu ukawa kosa? Na huyu Mzee Feruzi mwenyewe, si alishtakiwa hapa hapa kwa kushusha bei? Na si mahakama hii ilisema hana kosa? Yeye alikuwa na mashine, mimi nina kiti. Sheria yake iwe yangu."

Watu wakanong'ona. Hata mimi niliona ameshinda.

Liwali akamgeukia Mzee. "Feruzi, ni kweli ulishusha bei?"

"Kweli, Bwana Liwali."

"Mwaka ule uliposhusha, ulikuwa unakula nini?"

"Nyama, Bwana Liwali. Nilinenepa." Akajipiga tumboni. "Tumbo hili ni la mwaka ule."

Watu wakacheka. Liwali hakucheka. "Na wewe Nasibu, uliposhusha bei, ulikuwa unakula nini?"

Bwana Nasibu akaivua kofia, akaitazama ndani. Mtu mmoja dirishani akapaza sauti, "Asali!" Pakawa hapasikilizani.

Palipotulia Bwana Nasibu akasema ile ya bure ilikuwa furaha ya ufunguzi tu, watu wasiishikilie. Bei yake halisi ilikuwa senti kumi, na senti kumi inamlipa kabisa kwa sababu ya wepesi wa kiti. Kama si kweli, mtu athibitishe.

Liwali akasema, "Maneno yamekwisha. Leteni wembe."

Kiti kikabebwa hadi mahakamani. Mimi nikaitwa. Wembe mpya wa senti ishirini, ule wa kutupa tuliotumia kwa Bwana Nasibu, ukafunguliwa mbele ya karani, kipande kipya cha sabuni, na ikaamriwa ninyoe wenye nywele waliomo humo mahakamani hadi wembe ufe, tuone umenyoa wangapi. Hakuna aliyetaka kuanza, kisha ikakumbukwa kwamba ni bure, wakasukumana.

Kichwa cha kwanza, laini. Cha pili, laini. Cha nne wembe ukaanza kulalamika. Cha tano nikanyoa kwa kubembeleza. Cha sita kilikuwa cha askari wa mahakama, mtu mrefu mwenye nywele ngumu za miezi. Nilipovuta mara ya kwanza alipiga ukelele, akasimama saluti, kiti kikamfuata juu.

"Wembe umekufa," alisema Liwali. "Andika watano."

Karani akaandika. Wembe, senti nne kila kichwa. Sabuni, spiriti na shabu, senti mbili. Kahawa, ambayo muuza kahawa mwenyewe alikuwepo na akathibitisha, senti tano. Jumla kumi na moja.

"Imeshapita kumi," alisema Liwali, "na bado hatujamlipa Maulidi, wala mwenye nyumba, wala kiti. Basi hata hiyo bei yako halisi haikuwa ya nywele. Ilikuwa ya asali."

Bwana Nasibu hakukata tamaa. "Bwana Liwali, mfanyabiashara akipata hasara anajidhulumu mwenyewe. Nimepoteza changu. Mzee imemhusu nini?"

Hapo Liwali akaiweka chini karatasi ya karani. Kisha akasema jambo ambalo napenda mlikariri nyinyi mnaokimbilia kushtaki. Alisema: "Ni kweli. Mtu anaweza kuuza kwa hasara kwa ujinga, na ujinga si kosa katika mahakama hii, la sivyo tungewafunga wengi. Anaweza kuuza kwa hasara kwa sababu ndizi zinamwozea. Anaweza kutoa bure siku ya kwanza ili watu wamjue. Sitamhukumu mtu kwa bei yake peke yake. Nataka kujua hasara hii ilikuwa ya nini." Akanigeukia. "Maulidi, wewe ulikuwa naye kila siku. Alikuambia nini?"

Nilikuwa bado nimeshika wembe. Bwana Nasibu akanitazama. Katika macho yake niliziona zile shilingi sitini, moja baada ya nyingine, na harusi yangu nyuma yake. Bi Tatu naye alikuwa ananitazama kutoka upande wa wanawake. Mzee Feruzi peke yake ndiye ambaye hakunitazama. Alikuwa anatazama mkono wangu, kuona nimeushikaje wembe.

Nikafungua kinywa, na badala ya maneno ikatoka kwikwi.

"Hik."

"Nini?" aliuliza Liwali.

"Alise-hik. Alisema, Bwana Liwali..." Karani aliinua kalamu, hajui aandike kwikwi au aiache. Nikaletewa maji. Nikanywa yote, kwikwi ikazidi. Askari yule mwenye nywele ngumu, bila kuamriwa, akanipiga mgongoni kofi moja ambalo nadhani lilikuwa na kisasi ndani yake. Na maneno yakatoka yote kwa pumzi moja:

"Alisema asali yake inamsubiri Mzee achoke, na kesho kichwa ni shilingi moja, na watakwenda wapi, na Mzee akirudi hana pa kukaa kwa sababu vibaraza vyote amevikodi na mapipa yaliyomo ni matupu!"

Muuza maandazi akasema kwa sauti ya mtu aliyeteseka, "Ni matupu? Muda wote huo nimebanwa na mapipa matupu?"

Hukumu haikuchukua muda. Liwali alisema: angeona bei ya chini peke yake, angenyamaza. Angeona nia mbaya peke yake, angesema ni moyo wa mtu, Mungu ataujua. Lakini hapa mtu ameuza chini ya gharama yake, kwa mali ya biashara nyingine, ili mwenzake afe. Na mwenzake alipokufa amepandisha bei kuliko mwanzo, na mlango ameufunga kwa mapipa ili asitokee mwingine wa kuishusha. Wenye kunyolewa walichekeshwa miezi miwili ili walie miaka. "Hii siyo biashara," alisema. "Huu ni mtego wenye asali."

Akaamuru vibaraza virudi kwa wenyewe isipokuwa kile chake. Na kuhusu bei akatoa amri ambayo sijasikia nyingine ya akili kama hiyo: "Sikukatazi kushusha bei, Nasibu. Shusha unavyotaka. Lakini utakaposhusha, utakaa hapo hapo mwaka mzima. Ukiandika bure, ni bure mwaka mzima. Sasa sema, bei yako ni ngapi?"

Bwana Nasibu aliomba muda wa kufikiri. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akihesabu kwa vidole. Jioni akaandika ubaoni: SENTI THELATHINI NA TANO.

Kwa hiyo kijana wangu wa juzi, kabla hujapeleka mtu mbele, chungulia kwanza. Kama mwenzako kashusha kwa sababu anajua kukuzidi, funga mdomo ukajifunze. Kama anapunguza mwisho wa mwezi ili walimu wasio na pesa nao wanyolewe, ni haki yake. Sheria haikuwekwa ili kinyozi mvivu alindwe na kinyozi hodari. Lakini ukiona anakula asali ya mahali pengine ili wewe ushinde njaa, na mapipa yameanza kupangwa vibarazani, hapo vaa kanzu.

Mimi siku hiyo hiyo nilifukuzwa kazi, bila shaka. Nilizunguka soko mara tatu huku watu wanabiringisha mapipa na kushangilia, kisha nikaenda kwa Mzee Feruzi. Alikuwa amesharudisha benchi mahali pake, anatandaza kitambaa cheupe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu ya kuomba radhi njiani kote. Hakunipa nafasi. Akapigapiga benchi. "Kaa."

Nikakaa. Akanipapasa kichwa, akamwaga maji ya moto, akapaka sabuni, akaiacha ikae. Mkono wake ulikuwa ule ule. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia sabuni. Akanyoa upande wa kulia wote, safi, kuanzia paji hadi kisogoni. Kisha akafuta wembe, akaukunja, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mzee, na huku je?"

"Huko kesho. Ukija kazini."

Nilipita mji mzima wa Tabora nikiwa nusu. Watoto walinifuata. Mlinzi wa stesheni alicheka hadi akakaa chini. Mlangoni kwa Bi Tatu nilijaribu kupita nimegeuza upande ulionyolewa, akaniita, akanizungusha kwa kidevu, akatazama nusu moja, akatazama nyingine.

"Amekurudisha?" aliuliza.

"Amenirudisha, Mama."

"Basi harusi isubiri nywele zilingane," alisema, akaingia ndani, na nikamsikia anacheka na Mwajuma.

Kesho yake nilifika kabla ya adhana ya alfajiri kumalizika, nikafagia kibaraza, nikachemsha maji. Mzee Feruzi alikuja, akanyoa nusu iliyobaki bila haraka, akanionesha kioo, akanyoosha kiganja.

Senti thelathini. Hakunipunguzia hata moja.